Nilikwenda Japani Kumchukua Mwanangu

Watu wakisikia nimefika Japani wanadhani nilikwenda kutembea. Nilikwenda kwa jambo moja. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza kwetu ni kwa mama. Chumba chake kwangu pale Kiseke nilishakipaka rangi, beseni na kanga nimenunua, na akina mama wote wa jumuiya nimewatangazia kwamba naenda kumleta. Nauli alinitumia mkwe wangu, Mjapani aliyewahi kufundisha hesabu sekondari huku kwetu, halafu akatuondokea na msichana.

Binti na mumewe walinipokea Tokyo, pamoja na mama wa huyo mkwe, ili tusafiri sote mpaka kwao huku tukitembea njiani. Mama huyo alikuwa mwanamke wa umri wangu, mfupi, amevaa kofia ya jua na raba nyeupe. Tukiwa stesheni, katikati ya umati ule wa watu waliopanga foleni bila kusukumana, binti yangu akaita, "Okaasan!" Yule mama akageuka. Nikamuuliza binti yangu hilo neno maana yake nini.

"Mama," akanijibu, huku anatafuta tiketi.

Hivi hivi tu. Nimembeba mimi, nimemlea peke yangu tangu baba yake afariki, leo naambiwa mama ni huyu mwenye kofia. Wivu ulinikaba hapo hapo na sitaki kuupamba jina lingine. Nilinuna njia nzima.

Treni yao inakimbia lakini chai haimwagiki. Mkwe akanionyesha mlima wenye theluji, watu wote wakatoa simu kupiga picha. Mlima niliuona, ni mzuri. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye chenza ambalo yule mama alikuwa anammenyea mwanangu, anatoa na nyuzi zake nyeupe moja moja, na mwanangu anapokea bila hata kuangalia, kama alivyokuwa akipokea kwangu.

Kyoto kuna mahekalu yenye ngazi ambazo haziishi. Yule mama alimshika binti yangu kiwiko cha kulia, mimi nikawahi cha kushoto. Tukampandisha hivyo, na magoti yangu haya, hadi mwenyewe akasema, "Jamani, nina mimba, sijavunjika." Tulipofika juu nikasikia anaita, "Okaasan," na neno hilo nilishalijua, nikaitika, "Abee!" Kumbe siitwi mimi. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, maana ningefanyaje, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Tukaendelea hadi mji wao, kando ya ziwa linaloitwa Biwa. Ziwa lenyewe nalo lilinitia wivu. Maji meupe, hakuna gugu maji, hakuna mifuko ya plastiki kama tunayoiona kwenye ziwa letu pale Igogo mvua ikinyesha. Nilikuwa nimebeba dagaa kutoka kwa dada yangu wa Nansio, nikijua hapo sasa nitawashangaza. Yule mama akanusa, akafurahi sana, akafungua kabati na kutoa mfuko wake. Dagaa. Wadogo, wakavu, wanang'aa kuliko wangu. 

Kesho yake tukaenda kwenye maji ya moto, wanakooga wanawake pamoja bila nguo. Kwetu mkwe na mkwe hata kula meza moja ni haya, sembuse hilo. Mimi nilikaa na kanga yangu kifuani, nikakataa katakata. Yeye akamkalisha mwanangu kwenye kigoda, akachukua kitambaa na sabuni, akamsugua mgongo taratibu, shingo mpaka kiunoni, na mwanangu amefumba macho. Mgongo ule nimeusugua miaka na miaka kwa maji ya ndoo. Nikasema leo leo namaliza haya mambo.

Tulipokaa kunywa chai nyumbani kwao nikamwambia mkwe, "Mwambie mama yako sikuja kutalii. Nimekuja kumchukua mwanangu akajifungulie nyumbani, tumbo likiwa bado linaruhusiwa kwenye ndege. Mwambie hivyo hivyo."

Mkwe alimtazama mke wake kwanza, ndipo akatafsiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote ninayo. Yule mama akaweka kikombe chini, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, akaongea kwa muda mrefu.

"Mama anashukuru," mkwe akasema. "Anasema hata huku kwetu, mtoto wa kwanza, wanawake wengi wanarudi kuzaa kwa mama zao. Yeye mwenyewe alifanya hivyo. Amemwambia mke wangu tangu mwanzo aende. Alishamnunulia hata begi."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anakizungusha kikombe chake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Kwa nini?"

"Nataka nizalie kwangu. Usikasirike. Mtoto akishapata nguvu kidogo, nitamleta kwenu, mumuone."

Kwenu. Mtoto niliyemzaa mimi, aliyejifunza kutembea kwenye sakafu ya nyumba ile ya Kiseke. Hakusema nyumbani. Hakusema kwetu. Alisema kwenu, na wala hakujua kwamba amesema.

Yule mama alikuwa ananitazama, anasubiri nijibu. Sikuwa na kosa lolote la kumtupia. Nikamwambia mkwe amwambie nimesikia, na asante kwa chai.

Mtoto alizaliwa kule, salama, wa kike. Watu wakiniuliza Japani kukoje, nawaambia ni kuzuri, kusafi, watu wana adabu. Wivu bado ninao, mwingi tu. Ila sasa sijui nimwonee nani.