Mambo Ambayo Jini wa Jirani Hakuyaweza

Hivi karibuni nilirudi kwetu Rwamishenye, Bukoba, kwa sherehe ya kumuaga binti wa kaka yangu, nikakuta watoto wa ukoo wamejikusanya mbele ya televisheni wakibishana. Katuni ilikuwa imekwisha, ubishi ndio ulikuwa umeanza. “Hairuhusiwi kuomba maombi mengine!” mmoja alifoka. “Nani kasema?” “Jini mwenyewe kasema, hukusikia?” Niliwapita nikaenda kusimama uani. Sheria hizo nilizijua kabla wazazi wao hawajazaliwa, na aliyenifundisha alikuwa mwanamke aliyekaanga vitumbua.

Alikuwa jirani yetu, mjane wa Kiislamu. Babu zake walikuja kutoka pwani na misafara ya biashara, lakini yeye alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko chetu sisi tuliochapwa shuleni kwa kukizungumza. Kati ya ua wake na kibanja chetu cha migomba palikuwa na safu ya mimea ya mpaka, nayo ilikuwa na pengo pana lililotokana na miguu yetu. Mchana, baada ya kuanika kahawa na kuchota maji, tulipenya hapo tukaketi kuzunguka karai lake. Mafuta yalichemka, iliki ilinukia, naye akatusimulia habari za majini.

Nawe rafiki yangu, kama ulikulia miaka ile ya ujamaa, utaelewa upesi mantiki ya majini wake. Jini, alituambia, haumbi kitu, anahamisha tu. “Ukimwomba sukari, usidhani anaitengeneza. Anaitoa kwenye kopo la mtu.” Sukari na sabuni siku hizo tulizipata kwenye duka la ushirika, kwa kipimo cha kila kaya, kwa hiyo hatukuhitaji maelezo zaidi. Tulipouliza kwa nini maombi yawe matatu tu, alitukemea: “Foleni ni ndefu, wanangu. Dunia nzima imesimama hapo, nyie mnataka kujaza kikapu?” Mmoja wetu akapendekeza kwamba basi sukari yetu itolewe kwa katibu wa tawi. Jirani alicheka hadi akaweka mwiko chini. “Kwa katibu,” alisema akijifuta machozi, “hata jini anabisha hodi.”

Kulikuwa na makatazo mengine. Jini hawezi kuugeuza moyo wa mtu umpende asiyempenda. Wala hawezi kumrudisha aliyekufa. Huko hana njia. Hilo la mwisho alilisema bila kucheka, akageuza vitumbua vyake.

Bibi yangu, mzaa baba, aliyasikia yote kutoka upande wetu wa mpaka, alikokuwa akimenya ndizi. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. “Mswahili wee!” alipaza sauti. “Unawajaza wajukuu wangu mashetani!”

“Menya ndizi zako, mama rozari! Jini wangu mwenyewe anakuogopa!”

Kisha jioni Bibi alinituma nimpelekee “yule mpagani” ndizi na maharage ndani ya jani la mgomba, nami nikarudi na vitumbua. Ndivyo walivyopendana, kwa matusi.

Halafu vita ikaja mpakani kwetu. Baba yangu mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa askari, naye alipita Rwamishenye juu ya lori akielekea mbele. Baadaye mapigano yalisogea mbali, ng'ambo ya mpaka, na redio ikatangaza ushindi kwa nyimbo. Kutoka kwake hatukupata neno. Waliokuwa na watoto vitani walipata salamu kupitia huyu au yule. Kwetu hakufika mtu. Bibi hakulalamika. Alianza tu kumenya vibaya, akitupa maganda yenye nyama nene, yeye ambaye alitugombeza kwa kosa hilohilo.

Siku moja, mvua ilipokatika, alivaa gauni lake la misa, akanitwisha mzigo wa nyasi mbichi, naye akabeba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tuiitayo akamwani. Hakupita penye pengo. Alizunguka kwa barabarani hadi mlango wa mbele wa jirani, akabisha hodi kama mgeni. Aliingia barazani akatandaza nyasi, akaweka kikapu katikati.

“Ma, leo kuna nini?” jirani aliuliza.

“Hizi ni za mgeni wako.”

“Mgeni gani?”

“Huyo unayewasimulia watoto.”

Kwetu Uhaya humwelezi mtu haja yako kinywa chake kikiwa kikavu. Unamtandikia nyasi, unampa kahawa. Akiitafuna, amekubali kukusikiliza. Watu wa pwani, nilikuja kusoma baadaye, huwakaribisha majini kwa ubani na marashi. Bibi hakuyajua hayo. Alimwendea jini kwa adabu ambayo angemwendea nayo mzee yeyote wa Kihaya.

“Sheria zako nimezisikia zote,” alisema. “Sikuja kuomba anirudishie mwanangu kama amekufa. Ulisema jini anahamisha. Basi achukue kwangu: miguu, macho, miaka, achague mwenyewe, ampelekee. Na kama hilo nalo limekatazwa, aniambie tu mwanangu yuko wapi.”

Jirani hakuwa na mzaha tena. Alikitazama kikapu. Nilijua, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba angeweza kutunga jambo lolote, na Bibi angeliamini.

“Ma,” alisema hatimaye, “jini hatafuni kahawa.”

“Kwa nini?”

“Ni mojawapo ya mambo asiyoyaweza.”

Kisha akanyoosha mkono, akachukua buni, akatia kinywani mwake mwenyewe, akaanza kutafuna. Bibi aliitazama taya yake ikienda, akaketi polepole juu ya nyasi kama mtu aliyetua mzigo.

Tangu wiki ile jirani alihamisha karai lake kutoka uani hadi kituo cha mabasi, waliposhukia askari wa likizo na majeruhi. Niliwahi kufuatana naye. Alimtaja baba mdogo kwa jina, kisha akamweleza: “Mwanangu, humjui kijana mmoja mrefu, anatumia mkono wa kushoto, haachi kuimba?” Wengine walimjibu kwa ukali: “Mama, jeshi ni kubwa!” Naye alijibu, “Na mimi sina haraka. Kula kwanza.” Masika yalipita akiwa hapo, akilowa, majivu yakimganda miguuni.

Majeshi yalipokwisha kurudi, alitokea penye pengo akiwa amemshika mkono wa shati askari kijana, mtu wa Muleba. Bibi alikuwa akigeuza kahawa mkekani.

“Ma, huyu alikuwa naye.”

Kijana alipiga magoti akaeleza mahali penyewe: kando ya barabara, karibu na mto, penye migomba kama yetu. Wenzake walimchimbia kaburi, wakaliwekea mawe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

“Alikuwa amekula?”

Kijana alimtazama jirani, kisha akamgeukia Bibi. “Alikuwa amekula, Ma. Ndizi na maharage. Aliomba aongezewe.”

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Ndipo alipolia.

Bibi na jirani wote wawili wamekwisha kututoka. Palipokuwa na mimea ya mpaka leo pana ukuta wa matofali uliochomekwa vipande vya chupa, na baraza la jirani limekuwa duka la vocha za simu. Mwenye duka hanijui, nami sikumweleza.

Chuo kikuu kilinifundisha kupima ushahidi, kwa hiyo nitasema wazi: yule kijana alimtazama jirani kabla ya kujibu. Nimeishi na mtazamo huo miaka mingi. Huenda aliona haya tu mbele ya wazee. Huenda alifundishwa jibu hilo njiani, kati ya kituo na kwetu. Wasomi wengi wamenieleza vita ile kwa ramani na hoja, nami nimewasikiliza kwa heshima. Bado sijakutana na mwingine ambaye angeketi mvuani msimu mzima kwa ajili ya mtoto wa jirani, na akishampata wa kuleta habari, akafikiria kwanza mama atauliza nini.