Nyembe za Mzungu Nilizozitia Motoni

Mkono uliomkata mtoto wa dada yangu ulikuwa wangu, na mdomo uliomsingizia mama yake ulikuwa wangu pia. Nimeyaficha haya hadi yameniozea tumboni. Leo nayatoa, na wewe unayesoma nakupa ruhusa ya kunidharau. Mimi mwenyewe nilikwisha kuanza zamani.

Mimi ni kinyozi hapa Gisenyi, mtaa wa Waswahili, kama alivyokuwa marehemu baba. Wembe wa kukunja naujua tangu sijaota ndevu. Kwa hiyo usije ukanitetea kwa kusema sikujua. Nilijua!

Mzungu mmoja mwenye nyumba karibu na ziwa alirudi kwao, na mpishi wake akawa anauza vilivyobaki. Nikanunua nyembe tatu kuukuu ndani ya kopo la biskuti. Zilikuwa na kutu mgongoni na makali yameng'oka-ng'oka, lakini chuma chake kilikuwa chema, cha watu wanaojua kufua. Kuziweka sawa ilikuwa kazi ya kawaida: jivu na ndimu kuondoa kutu, jiwe la kunolea taratibu mpaka makali yanyooke, kisha mkanda wa ngozi. Kazi ya subira, basi.

Lakini wateja wangu! Watu ambao swala ya alfajiri huwapita wakikoroma, siku hiyo wote waligeuka mashehe. Aliyeanza ni Rajabu, fundi cherehani. Alikuwa kwenye kiti changu, sabuni imemjaa mashavuni, akaliona lile kopo na kuuliza nyembe zimetoka wapi. Nikamwambia.

"Hiyo wembe ilinyoa mutu anakula nguruwe," akasema. "Mi hapana. Upitishe mu moto kwanza."

"Nitaziosha vizuri," nikamjibu. "Maji yanatosha."

"Maji ya nini? Moto ndiyo inasafisha. Ao unaogopa kazi?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Ningeweza kumfuta sabuni na kumwambia aende akajinyoe kwa mkasi wake wa kukatia kaniki. Kila anayeshika chuma anajua kwamba wembe ukipata moto mkali hulainika, na ukishalainika hauna kazi tena. Hata muuza samaki wa Rubona hakiachi kisu chake kwenye makaa. Lakini nilipenda sifa, na watu walikuwa wananitazama. Nikang'oa mipini, nikazilaza nyembe zote tatu kwenye jiko, nikapepea kwa mbwembwe huku nikipiga Bismillahi kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Mpumbavu wa kupigiwa mfano.

Zilipotoka zilikuwa na rangi ya samawati, dalili ya chuma kilichokwisha kulainika. Nikaisugua ile rangi kwa jivu mpaka zikang'aa, nikairudisha mipini. Wakazipokezana mikononi na kujitazama humo. Rajabu alichungulia meno yake, ambayo kwa kweli hayakustahili kioo.

"Bon, sasa iko safi," akasema.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama zinanyoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nililitia maji mbele ya macho yao, wakazidi kunisifu.

Walipoondoka nikaanza kuzinoa. Jiwe likazila upesi mno. Nikajaribu moja kwenye mkono wangu, vinyweleo vikaondoka. Nikarudia pembeni, vikaanza kuvutwa. Nikaupitisha wembe kwenye mkanda, ukali ukarudi, halafu ukalala tena. Hapo nilijua kabisa kwamba nimeziua. Nikazifunga kwenye kitambaa na kujidanganya kuwa kwa kunyoa kidogo kidogo zitafaa.

Baada ya muda dada yangu Mwamini akajifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amengoja miaka mingi, na miaka yote hiyo mama mkwe wake alikuwa akimsema. Kwetu, siku ya saba mbuzi huchinjwa, na mjomba ndiye humnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo. Nilikuwa na wembe wa baba, mweusi, umekwisha kwa kunolewa, lakini makali yake hayana mjadala. Nikauacha kibandani. Ningewezaje kutoa kitu kile mbele ya wakwe? Nikabeba mmoja wa zile zinazong'aa.

Mwamini alimpakata mtoto akatulia, hata pumzi alikuwa akiizuia. Nikalowesha kichwa, nikaanza. Upande wa kulia ulikwenda vizuri, akina mama wakapiga vigelegele, na kichwa changu kikavimba. Nilipofika juu ya sikio la kushoto nikausikia wembe unavuta. Kinyozi mwenye akili husimama hapo. Mimi nikakaza mkono.

Damu ikashuka mpaka kwenye kanga ya mama yake.

"Yoo, mutoto wangu!" Mwamini akalia.

Na mimi, kabla hata sijauweka wembe chini, nikasema, "Si umemtikisa! Nilikwambia umshike."

Sikuwa nimemwambia neno. Wala hakuwa amemtikisa. Lakini mama mkwe wake alikuwa akitafuta sababu tangu siku ya ndoa, na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nikampa.

"Hata kushika mutoto inakushinda," akamwambia mbele ya wageni wote. "Ulingoja miaka yote hii uje kumuua?"

Mwamini akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme. Nikainama nikawa nafuta wembe.

Kidonda kilipona, kikaacha kovu pasipoota nywele. Ila yule mama alimhamishia mtoto chumbani kwake. Mwamini alikuwa akipewa amnyonyeshe, akimaliza ananyang'anywa, kwa sababu eti hajui kushika mtoto. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, nao wakalifanya sheria ya nyumba.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilichagua saa ambayo watu hawapo karibu, nikamkuta jikoni anachambua maharage.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "ulinisema mbele ya watu. Sasa unaniomba musamaha mbele ya maharage?"

Nikanyoosha mkono nichambue naye.

"Enda umwambie mama mukwe," akasema. "Iko pale nje. Enda."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma nisikutane naye. Niliogopa, nakiri. Nani atampa shingo yake kinyozi aliyeharibu nyembe ili tu asifiwe na fundi cherehani? Na hata leo naandika bila jina. Unaona ulivyo ushujaa wangu.

Basi wewe kinyozi, mteja akikuambia utie wembe motoni, mwonyeshe njia ya kutokea. Na wewe usiye kinyozi, ukikosea mbele ya watu, kiri mbele ya watu hao hao, palepale, damu ikiwa bado mbichi. Usingoje kama mimi. Mtoto sasa ameanza kusema. Humwita bibi yake mama, na humwita mama yake Mwamini, kama wanavyomwita wengine wote nyumbani.