Mboga ya Likwata Isiyo na Chumvi

Baba wa bibi yangu alikamatwa na askari wa Mjerumani kwa kosa la kula mboga isiyo na chumvi.

Usicheke. Mwaka ule wa vita vya Maji Maji, watu walifungwa kamba kwa madogo kuliko hayo.

Aliitwa Likwata. Mkewe aliitwa Mwahija. Bibi yangu Tawakali ndiye mtoto wao, na haya alinisimulia yeye, tena mara nyingi. 

Walikaa kitongoji kimoja karibu na Kilwa Kivinje. Mwahija alikuwa mchemsha chumvi. Kazi hiyo isikie tu kwa wenzio: unakwangua udongo wa mikokoni, unautia kwenye kikapu, unaumwagia maji, yale yanayochuruzika unayaonja kama yamekolea, ndipo unabandika chungu motoni. Unaonja hivyo tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Likwata hakuwa na kazi yake mwenyewe tena. Alikuwa analimishwa pamba kwenye shamba la akida, mtawala wa pale aliyewekwa na Mjerumani. Ukichelewa kuinua jembe, kiboko.

Masika yale kichwa kikaanza kumgonga. Kisogo kinauma, macho yanaona vimulimuli. Siku moja akiwa shambani akatoka damu puani, ikalowesha kifua kizima. Wenzie wakamrudisha nyumbani wamembeba, mdomo umekwenda upande.

Mwahija akamwita Bi Kudra, mpiga chuku, anayewaumika wagonjwa kuwatoa damu. Mwanamke wa makamo, mkali, hana muda wa kumbembeleza mtu.

"Damu nitamtoa," akasema, "lakini kesho itajaa tena. Mnakula nini humu ndani?"

Mwahija akampakulia ugali na mchuzi wa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Bi Kudra akatia tonge mdomoni, akaenda kulitema mlangoni.

"Mwanamke wee! Huu mchuzi au maji ya bahari?"

"Mbona nimetia kidogo tu, Bi Kudra?"

"Kidogo kwako. Ulimi wa mchemsha chumvi umekufa zamani. Mumeo unamkoleza kama unataka kumwanika!"

Mwahija alitamani ardhi ipasuke. Miaka yote akidhani kiboko ndicho kinachommaliza mumewe, kumbe na yeye yumo.

Bi Kudra akatoa masharti huku anafunga mkoba wake. Chumvi asiione. Ng'onda asiione. Tumbaku akome. Alfajiri atembee kabla jua halijawa kali, na akipata upenyo wa kulala, alale.

"Na hasira aziache huko huko shambani. Akichapwa, avute pumzi taratibu, yapite. Akipandisha hasira na damu inapanda. Siku mshipa ukipasuka, usiniite mimi, waite wachimba kaburi."

Mwahija akaapa kwamba Likwata hatakufa mikononi mwake.

Ndipo vikaanza vyungu viwili. Cha Likwata chapwa kabisa, majani ya mchunga na kunde. Chake akakikoleza vile vile kama zamani, maana bila hivyo alikuwa haisikii ladha. Aliamka kabla ya adhana ili amtoe mumewe kitandani akatembee. Kiko alikitupa chooni. Likwata akirudi na mgongo uliochanwa, alimkanda kwa maji ya moto akimwambia, "Pumua, baba Tawakali. Pumua, yaache."

Likwata akayaacha kweli. Aliyekuwa anabaki nayo usiku kucha, anayatafuna moyoni, ni Mwahija.

Kichwa chake mwenyewe kikiuma alikifunga leso kwa nguvu, akaendelea kuchochea moto.

Na dawa ikafanya kazi, bwana! Mdomo wa Likwata ukarudi mahali pake. Kisogo kikatulia. Akaanza hata kupiga mluzi.

Kasheshe ikawa barazani. Wanaume wa kitongoji walikuwa wanakula pamoja, kila nyumba inatoa sinia yake. Sinia ya Mwahija ilipotoka, jirani yao Pazi alionja, akakunja uso.

"Likwata, mkeo mchemsha chumvi. Leo imemwishia?"

Baraza zima likacheka.

Angejibu nini? Kusema ukweli ni kumvua nguo mkewe mbele za watu, kwamba amempikia mpaka damu ikampanda. Tangu siku hiyo akawa anakula ndani, peke yake.

Kisha nchi ikawaka moto. Samanga, kaskazini ya Kilwa, ikachomwa. Habari za dawa ya maji zikashuka pwani kutoka vilima vya Umatumbi, kwamba aliyeinywa risasi haimdhuru. Watu wakanong'ona kwamba waliokunywa wana miiko. Miiko gani? Kila mdomo ulikuwa na ya kwake.

Pazi wakati huo ameshakuwa mnyapara wa akida. Akakaa akajumlisha. Mtu hali na wenzie. Hagusi chumvi. Anatoka gizani alfajiri, aendako hakujulikani. Na akichapwa kiboko anavuta pumzi pole pole kama yuko kwake! Mtu huyo si ana kinga? Akaenda kumchongea kwa akida.

Aisee, ukitazama kwa jicho la Pazi, unaweza hata kumwelewa. Au mimi nimechoka kulaumu watu, sijui.

Askari walimnasa Likwata akiwa kwenye matembezi yake ya alfajiri.

Mwahija akafuata mbio mpaka kwa akida. Akamkuta mumewe amepiga magoti karibu na watu waliokwishafungwa mnyororo. Wote walijua safari ya mnyororo ule inaishia kwenye kitanzi.

"Shikamoo, bwana akida."

"Sema haraka."

"Mume wangu ni mgonjwa. Hajanywa maji ya mtu yeyote. Chumvi nimemkataza mimi, maana ni mimi niliyemtia maradhi nayo. Ulimi wangu umekufa, bwana. Nasema mbele ya watu wote."

Pazi akadakia. "Kama hana mwiko, ailambe hapa hapa tuone."

Akida akaona ni neno. Chumvi ikaletwa kwenye kifuu. Chumvi ya Mwahija mwenyewe, ile aliyokuwa akimuuzia mpishi wa akida.

Likwata akamtazama mkewe. Asipolamba, kitanzi. Akilamba, mshipa.

"Wewe ndiye uliyenikataza," akasema.

"Na mimi ndiye ninayekwambia ule, baba Tawakali."

Akalamba. Akachota tena, akalamba. Machozi yakamtiririka. Watu wote wanangoja aanguke.

Hakuanguka.

"Mfungueni," akida akasema. "Ananipotezea wakati."

Njiani Mwahija hakumwachia macho. Mdomo, jicho, mkono, hatua kwa hatua.

"Kichwa?"

"Hakiumi."

"Kweli hakiumi?"

"Mama Tawakali, nilikuwa nimesahau chumvi ilivyo tamu!" Likwata akaangua kicheko, kile cha mtu aliyerudi kutoka kaburini.

Mwahija hakucheka. Akasema amechoka kidogo, ngoja akae.

Akakaa kando ya njia. Hakuinuka tena. Likwata alipomwinamia, mdomo wa mkewe ulikuwa umekwenda upande.

Bi Kudra alikuja, ila mkoba hakuufungua. Akamshika Mwahija shingoni kutafuta mshipa, haupigi.

"Alikuwa anaumwa kichwa huyu?"

"Hakuwahi kusema," Likwata akajibu.

"Ulimuuliza?"



Mwahija alizikwa siku iliyofuata. Likwata aliishi mpaka Mjerumani akaondoka na Mwingereza akaja, anatembea kila alfajiri, mboga yake chapwa anajipikia mwenyewe. Hakuoa tena.

Sasa mimi. Mimi nina presha, ya kurithi nadhani. Nameza vidonge, natembea, chumvi nimeacha. Yaani mke wangu ndiye ameniachisha. Ndiye anayekumbuka dawa, anayepika vyungu viwili, anayelala na simu akiningoja nikichelewa.

Juzi nilipomaliza kuandika habari hii nikamuuliza, "Wewe ulipima lini?"

Akasema, "Nani, mimi?"

Nikampeleka. Nesi akapima, akapima tena. Ya kwake imepita ya kwangu, mbali sana.

Ndugu yangu unayetunzwa na mtu: ukienda kupimwa, nenda naye, na yeye aanze.