Ulanzi Uliopanda Mlimani

Tangu mto uichukue nyumba yao ya matofali mabichi mwezi wa tatu, Sekela alikuwa analala jikoni kwa mama mkwe wake, eneo la Ipogolo, pamoja na mumewe Liberatus na mtoto wao Anjela. Uchovu ulikuwa umemwingia kama moshi wa jiko hilo unavyoingia kwenye nguo, hata ufue hautoki. Ila kilichomuuma zaidi ni mtoto. Kila mvua ilipogonga bati, Anjela alimkwea shingoni akatetemeka mwili mzima.

Liberatus alitaka wajenge palepale bondeni, kando ya kinyungu, bustani yao ya mboga. Hata nyumba ile ya kwanza waliijenga pale ili walinde kabichi zisiibwe, na udongo na maji viko mlangoni.

"Mto hauji mara mbili, Mama Anje."

"Ukija je?"

"Wewe mtu wa Tukuyu, mto wetu umeujulia wapi?"

Sekela akamwachia neno la mwisho, kama alivyozoea tangu aolewe. Hata usiku ule wa mafuriko alisikia maji yakilamba mlango, akangoja mume ndiye aseme watoke. Walitoka maji yakiwa kiunoni.

Safari hii alimfuata mama mkwe, Bertha, aliyekuwa anachambua maharage. Akapiga goti.

"Kamwene, mama. Naomba kile kipande chako cha kule juu, tujenge."

"Huko hata mbuzi wanapita tu. Udongo upo, lakini maji je? Matofali hayafyatuliwi kwa mate."

"Nitabeba."

"Utabeba mpaka shingo iingie kifuani! Na mumeo anasemaje?"

"Sijamwambia."

Bertha akacheka hadi maharage yakamwagika. "Haya, chukua. Ila mimi sijasema kitu."

Jumamosi ndugu wakaitwa kufyatua. Kazi ya ndugu haina ujira, ina ulanzi, pombe ya mianzi, na ulanzi hubebwa na mama mwenye nyumba. Ndoo inapotuliwa ndipo kazi ilipo. Sekela akajitwisha ndoo, Anjela mgongoni. Alipofika njia ya bondeni akaipita, akaanza kupanda.

"Shemeji, umepotea!" Sosthenes, mdogo wa Liberatus, alipaza sauti kutoka mtoni. "Kazi iko huku!"

Hakugeuka.

"Jamani, ulanzi unatoroka!"

Wakacheka, wakabeba majembe, ndoo tupu na kibao cha kufyatulia, wakaufuata.

Liberatus alifika wa mwisho, uso umemkunjamana.

"Umeniaibisha mbele ya ndugu zangu."

"Najua. Nisamehe, Baba Anje. Lakini mimi na mtoto bondeni hatulali tena."

Liberatus alitazama chini kwenye bonde, pale palipokuwa nyumba. Tope lilikuwa limekauka likapasuka.

"Maji sibebi," alisema.

"Sijakuomba. Shika mtoto."

Akamkabidhi Anjela, akachukua ndoo tupu, akashuka. Akapanda nayo imejaa, akashuka tena. Mchana ulipopita shingo ilikuwa haigeuki, na safu ya matofali bado fupi. Mengine yalikuwa yameanza kupasuka kwa kukosa maji ya kutosha.

Jua lilipoinama alimkuta Liberatus, mtoto amelala begani kwake, anachora mstari ardhini kwa kisigino.

"Mlango uelekee wapi?" aliuliza bila kumtazama.

Sekela alitua ndoo, akanyoosha mgongo polepole.

"Huku," alisema. Ndugu wakamimina maji kwenye udongo, wakamrudishia ndoo, naye akashuka tena mtoni.