Waliposema Mume Aje Asaini

Nimekaa semina nyingi za kutetea kina mama pale Musoma, na sijaona hata moja iliyothubutu kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Bango la ukutani huandikwa maneno marefu ya afya na ustawi, tunakula sambusa, halafu anasimama mgeni rasmi, mwanaume mwenye shati la kitenge, anatueleza sisi tuliozaa jinsi mimba inavyouma. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa wetu hupewa na kipaza sauti. Mimi nikinyoosha mkono na kusema wazi, "Mwanamke ambaye mimba inamuua, atolewe hiyo mimba," ukumbi mzima unakohoa. Kanisani kwetu naitwa yule mama wa kutoa, na si sadaka wanayoisema.

Sheria yetu ni kali, na nimeipigia kelele mpaka marafiki wamenikimbia. Imeacha mlango mmoja tu, mwembamba: daktari anaweza kutoa mimba ili kuokoa maisha ya mama. Siku zote nilidhani kazi yangu ni kuomba mlango huo upanuliwe. Sikujua kuna watu wameuwekea kiti na kuukalia.

Nilikuwa sokoni Mwigobero nachagua dagaa, simu ikalia. Ni muuguzi tuliyejuana kwenye semina moja, sasa yuko hospitali moja upande wa Bunda, sitaitaja.

"Dada, njoo," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna binti anatufia hapa."

Binti mwenyewe ametoka kijiji kimoja cha Butiama. Mimba ya miezi minne, chupa imepasuka tangu jana, homa inapanda, na maji yanayotoka yameanza kunuka. Mtoto asingeweza kupona, hilo kila mtu pale alilijua. Lakini moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga, na daktari aliogopa kumsafisha mama. Alikuwa amesema mume aje asaini kwanza. Dagaa niliwaacha kwenye mizani.

Nilimkuta daktari ni kijana mstaarabu, mgeni huku kwetu, anaongea taratibu.

"Mama yangu, nakuelewa sana. Lakini mume akija kesho na panga, nitajificha wapi?"

"Sheria imesema mume?"

"Hapana. Ni utaratibu wetu."

Utaratibu! Hilo neno limeua watu wengi kuliko mamba wa ziwani.

"Sheria inakuruhusu tangu jana, mwanangu," nikamwambia. "Binti anaoza huku unamwona."

"Mume yuko njiani, mama. Tuvute subira."

Mume akafika. Alishuka kwenye bodaboda, akalipa, akajitanda kanga vizuri, akaingia na ndala zake. Bibi wa miaka sabini hivi. Daktari akamkaribisha kwa adabu zote, kisha akachungulia nyuma yake.

"Bibi, mume wa mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namuulizia mume."

"Nimesikia. Ni mimi. Ng'ombe nilitoa mimi."

Ikabidi muuguzi amweleze daktari, mgeni wetu. Huku Mara kuna nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anaoa msichana, anamtolea mahari, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Mwanaume wa kumzalisha anatafutwa tu, na hana lake. Daktari akakaa chini. Akamwita katibu wa hospitali.

Katibu ni mtu wa hapa hapa, mila anaijua kuliko mimi. Akakuna kidevu.

"Mila tunaiheshimu," akasema. "Lakini kwa taratibu zetu mume ni mwanaume. Yule mwenye mimba yake je?"

"Yuko Kibara anavua," bibi akajibu. "Huyo tulimwazima tu."

"Basi hukuja na mwanaume yeyote?"

Haki ya Mungu sisemi uongo: katibu alitoka nje akamwita yule dereva wa bodaboda! Kijana akaingia na kofia yake ngumu mkononi.

"Mimi nimeleta abiria tu, mzee. Mgonjwa simjui hata sura."

"Hata undugu wa mbali huna?"

Nikapandwa na mori. Nilipiga meza mpaka mhuri ukaanguka. "Kwa hiyo huyu anayeendesha pikipiki ndiye mwenye mamlaka juu ya kizazi cha binti, kwa sababu ana ndevu? Hamna haya nyinyi?" Dereva wa watu akakimbia, na wala sikumlaumu. Wodini binti akaguna, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza kulinitia hofu kuliko mguno.

Bibi hakupiga kelele. Alimsogelea daktari.

"Mjukuu wangu, niambie kweli. Tukingoja, atapona?"

"Hapana, bibi."

"Na mtoto?"

"Naye hapana."

"Sasa unangojaga nini?"

Katibu akaangalia dari.

"Nilimuoa ili nipate watoto, sitakudanganya," bibi akasema. "Nyumba yangu haina mtu. Lakini huyu ndiye anaamkaga kunikanda miguu. Leta wino."

Akabonyeza dole gumba. Katibu akafungua mdomo kusema neno, daktari akamwambia, "Mzee, tupishe," akaenda kunawa mikono. Hapo ndipo nilipompenda yule kijana, ingawa kwa kuchelewa.

Jioni homa ilianza kushuka. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda binti alipofumbua macho. Hakuuliza habari ya mtoto. Hakuuliza kama atapona. Alimtazama bibi kwa woga, akasema, "Umekuja kunirudisha kwetu?"

Bibi alikuwa anapoza uji kwenye kikombe. Akavuta kamasi kwanza.

"Kwenu ni wapi tena? Kunywa uji, mke wangu."