Dawa ya Nani?

Mtaa mzima ulimwita Mama Dawa, na katika maisha yake hakuwahi kumponya mtu hata mafua. Kibanda chake kiliuza dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mende na dawa ya panya. Hiyo ya mwisho aliiweka rafu ya juu, mbali na ya meno, maana wateja wengine walikuwa na haraka na miwani hawana. Ukimuuliza kama dawa yake ya panya inafanya kazi kweli, alikujibu kwamba hajapata panya hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Saratani ya titi ilipomrudia, na hospitali ikasema dawa zake zote zimegonga mwamba, nyumba iligawanyika. Palikuwa na dawa mpya, bado inachunguzwa, na wizara ilitaka maoni ya watu: wagonjwa wapewe sasa, au wasubiri uchunguzi uishe? Wifi yake alisema wapewe leo leo. Mumewe, fundi saa asiyeamini kitu ambacho hajakifungua akakiona ndani, alisema hapana. Kaka na dada wakagombana asubuhi na jioni, na mgonjwa ndiye aliyewachemshia chai.

Siku ya mjadala wa hadhara ukumbi ulifurika. Mama Dawa alijipaka wanja, akafunga kilemba chekundu, akakaa safu ya pili na pakiti yake ya karanga. Bwana mmoja mwenye tai akamwinamia na kumnong'oneza kwamba safu hiyo ni ya wagonjwa mahututi, tafadhali apishe.

"Basi nimefika," akamjibu, akamkaribisha karanga.

Wifi alikuwa wa kwanza kushika kipaza sauti. "Mfa maji haachi kutapatapa!" akapaza. "Kwa nini mnamfunga mikono wifi yangu? Mwacheni atapetape!"

Makofi. Mfa maji mwenyewe nusura apaliwe na karanga.

Mume naye akasimama, akakunjua karatasi yake. "Mke wangu si wa kujaribiwa. Hiyo dawa haitaki. Kama ni kufa, afe kwa amani, siyo kwa mikono ya watu wanaobahatisha."

Makofi tena, na ya watu walewale.

Kisha daktari wa utafiti, mwanamama mpole, akaeleza kwamba hii ni dawa ya wagonjwa walioishiwa na njia nyingine. Mama Dawa akanyoosha mkono.

"Samahani, daktari. Mimi nauza dawa. Dawa ya meno inayasaidia meno. Dawa ya panya inammaliza panya. Sasa hii yenu ya wagonjwa, ni ya wagonjwa kama ile ya meno, au kama ile ya panya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari hakucheka.

"Mama, sijui," alisema. "Imewasaidia baadhi, imewaumiza baadhi. Ndiyo maana bado tunaichunguza."

"Ahsante, mwanangu. Angalau wewe hujaniponya wala hujanizika."

Njiani kurudi mume alikuwa amenuna, midomo imemvimba. "Umenitia aibu. Watu wanacheka, na wewe unakufa!"

Neno lilishamtoka. Alilisikia mwenyewe, akasimama katikati ya njia.

"Ndiyo, nakufa," alisema Mama Dawa. "Na tangu nitoke hospitali, wewe na dada yako mnanisemea tu. Nani kati yenu ameniuliza?"

Fundi saa alitazama viatu vyake. "Haya. Nakuuliza. Ukipewa, utaikubali?"

"Nitaikubali. Naiogopa mpaka usingizi sipati, lakini nitaikubali." Utani wote ulikuwa umemwisha. "Bado sijachoka kukuudhi, mume wangu. Nataka muda zaidi."

Mume akajifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akageuka, akaanza kurudi walikotoka, mbiombio.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Kuyafuta maneno yangu. Nimewaambia hutaki!"

Ukumbini viti vilikuwa vitupu, na mwenyekiti alikuwa akikunja waya wa kipaza sauti. Mume akamwomba auchomeke tena.