Kabureta Kwenye Kopo la Kahawa

Marlys Tvedt hakusema amekwenda kununua trekta. Alisema amekwenda kurudisha bakuli. Bakuli lilikuwa la marehemu mke wa Orrin Tesch, na lingeweza kukaa kabatini mwa Marlys mpaka naye azikwe bila mtu kulidai. Lakini kwenye vilima vile vya magharibi mwa Wisconsin mtu haingii kwa jirani na kutaja moja kwa moja kilichomleta. Kwanza huzungumzwa theluji iliyoyeyuka, kisha theluji ambayo huenda bado inakuja, kisha magoti ya kila mmoja.

Wakazungumza magoti. Ya Marlys yalikuwa mabaya zaidi. Alikuwa mpishi wa shule kwa muda mrefu, akisimama juu ya saruji kutwa, na tangu mumewe alipofariki alikuwa akilima bustani kwa jembe la mkono. Haikuwa bustani ya kuchezea: viazi, kabichi, vitunguu, na mahindi matamu ya kuuza kando ya barabara. Mwaka uliopita nusu yake ilimshinda, ikamezwa na magugu. Mkulima mkubwa wa upande wa pili wa barabara alikuwa ameshamwambia, kwa upole kabisa, kwamba akichoka amkodishie yeye ile bustani. Marlys alijua kwamba mahindi ya yule bwana yakishafika chini ya dirisha la jikoni kwake hayatarudi nyuma.

"Lile trekta lako dogo kule nyuma," alisema mwishowe, akitazama nje kama mtu aliyeliona sasa hivi. "Kumbe bado lipo."

"Lipo," alisema Orrin. "Nitalitengeneza."

Marlys akanywa kahawa yake, akaaga, akaenda zake.

Kila mwanamume wa vilima vile ana chuma chake kimoja nyuma ya banda ambacho siku moja atakitengeneza. Wenzake wanakipita, wanakitazama, hawaulizi. Akikiuza anakuwa amekiri mbele ya watu kwamba ile siku haitafika. Orrin alikuwa amepita miaka themanini, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kiasi kwamba kahawa alijitilia nusu kikombe tu. Marlys aliliona hilo, na aliporudi mara ya pili, akiwa na jibini mbichi ya vipande, ile inayotoa mlio ikitafunwa, alihakikisha macho yake yako kwenye jibini.

Mara ya tatu ni Orrin aliyeanza.

"Nikikuachia lile trekta utalipaka rangi ya pinki."

"Zambarau," alisema Marlys. "Na maua kwenye boneti."

"Nilijua. Basi lichukue kabla sijabadili nia." Akakuna kidevu. "Ila kabureta haimo. Niliifungua niisafishe. Iko kwenye kopo la kahawa, mahali fulani. Nitaitafuta."

Wakapatana bei kwa maneno machache, kila mmoja akidai kwamba mwenzake anajipunja.

Trekta lilikuwa limezama udongoni mpaka nusu ya magurudumu ya mbele, na mti mchanga ulikuwa umeota katikati ya usukani. Marlys akaukata mti, akalivuta trekta kwa pikapu mpaka bandani kwake. Chini ya boneti panya walikuwa wamejenga kiota kwa vipande vya kofia ya mtu. Akatoa kiota, akamwaga petroli iliyoozea kwenye tangi, akabadilisha plagi na mkanda, akatia tyubu mpya ndani ya tairi. Injini ilikuwa haizunguki. Akamimina mafuta kwenye tundu la plagi, akayaacha yapenye, na kila asubuhi akatia spana na kusukuma kidogo, bila nguvu, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Asubuhi moja ikazunguka. Rangi hakuigusa. Pale kwenye bati linalofunika gurudumu ambapo Orrin alizoea kuegemeza mkono, rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, na Marlys akapafuta kwa tambara tu.

Ikabaki kabureta.

"Bado naitafuta," Orrin alikuwa akisema kila alipopita. "Nyumba ile inameza vitu."

"Hakuna haraka," Marlys alikuwa akijibu.

Haraka ilikuwepo. Udongo ulikuwa umekauka vya kutosha kulimwa, na mashine kubwa za yule mkulima wa ng'ambo ya barabara zilikuwa zimeshaanza kuunguruma. Na kopo Marlys alikuwa ameliona. Siku aliyomwoshea Orrin vikombe, lilikuwa pale dirishani juu ya sinki, limefunikwa kifuniko chekundu, na kando yake bisibisi ndogo na gazeti lililotandazwa. Mzee hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akijaribu. Ndani ya kabureta kuna sindano nyembamba kama mwiba wa samaki, inayopaswa kukaa kwenye tundu lake sawasawa, na mikono ile haikuweza kuiweka. Kumwambia, "Nipe, nitaifunga mwenyewe," kungekuwa kumtajia mikono yake.

Kwa hiyo Marlys akaendesha hadi wilaya ya jirani, ambako hakuna aliyemjua, akanunua kabureta nyingine kwa muuza vyuma vikuukuu. Akaifunga. Trekta likakohoa, likatoa moshi wa buluu, likazima. Akakaza skrubu moja, akalegeza nyingine. Likaunguruma. Alikaa juu yake bandani, mikono kwenye usukani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo, kupitia mlango uliokuwa wazi, akaliona gari la Orrin likishuka kilima.

Akazima. Orrin aliendesha polepole, na siku zote alisimama kwanza kwenye sanduku la barua la Marlys amchukulie barua zake. Muda ulitosha, kwa shida. Akafungua boliti mbili, mpira wa petroli, waya, akaing'oa ile kabureta ya kununua. Kabureta ilimchoma vidole. Akaifunga kwa tambara, akaiweka sakafuni, akaifunika kwa ndoo.

Orrin akaingia na barua mkono mmoja, kopo mkono wa pili.

"Nimeipata."

"Ilikuwa wapi?"

"Mahali pa kipumbavu. Usiniulize."

Akalizunguka trekta. Banda lilinuka moshi. Akaweka kiganja juu ya injini, ambayo bado ilikuwa na joto, akakiacha hapo. Nje mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, na banda lile halikuwa na dirisha.

"Jua kali leo," alisema.

"Limeipiga tangu asubuhi," alisema Marlys.

Orrin akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akaondoa mkono, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ile ndoo.

"Vile vidude vya ndani ni vidogo," alisema, akimpa kopo. "Vitakusumbua. Nitakuelekeza."

"Nielekeze polepole. Mimi ni mpishi tu."

"Najua. Wanangu walikula chakula chako shuleni. Mmoja alipona vizuri."

Marlys akamwaga vilivyomo juu ya tambara safi. Kila kipande kilikuwa kimesafishwa mpaka kinang'aa, hata skrubu. Akaishika sindano, na Orrin, mikono yake akiwa ameikalia, akamwambia aigeuze, aishushe, asiilazimishe, hapo, ngoja, hapo hapo.

Bustani ililimwa kesho yake, yote, mpaka chini ya dirisha la jikoni. Orrin alisimama ukingoni akilalamika kwamba matuta hayajanyooka.

Kabureta ya pili ilibaki chini ya ndoo hadi viazi vilipokuwa tayari na ndoo ikahitajika.